WAZEE KATIKA UJENZI WA KIJIJI: MAFUNZO KUTOKA MILIMA YA ULUGURU

Makala haya yanahusu jambo ambalo viongozi wengi wa Chama hulikubali kwa mdomo na kulipuuza kwa vitendo. Jambo lenyewe ni nafasi ya wazee katika jamii yetu: namna ya kuwasaidia wazeeke vizuri, na namna ya kuhakikisha kwamba uzee hauwatoi katika kazi ya kuamua na kujenga. Ukimwuliza Katibu wa Tawi kama wazee wanaheshimiwa katika eneo lake, atakujibu bila kusita kwamba wanaheshimiwa sana, na atakuonyesha viti vya mbele mkutanoni. Swali ambalo halijibiki upesi ni hili: katika mkutano uliopita, ni mzee gani aliyesema neno likabadili uamuzi?

Nimepata kuuliza swali hilo katika semina ya viongozi wa vijiji, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Washiriki walitazamana. Hatimaye mwenyekiti mmoja wa kijiji, mtu mkweli, alieleza kwamba kwake wazee huitwa kufungua mkutano kwa dua, kisha ajenda huendelea. Wenzake walicheka, lakini walipotakiwa waeleze mambo yalivyo kwao hakuna aliyekuwa na maelezo tofauti. Sisi wakufunzi nasi hatuna haki ya kuwacheka. Mihtasari yetu ya mafunzo ina mada ya vijana, ya wanawake, ya wafanyakazi na ya wakulima. Mada ya wazee huingia siku ya mwisho, kama muda upo.

UZEE NA KAZI

Tuanze na maana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Kipimo hicho kinalingana na umri wa mtumishi wa umma kustaafu kwa lazima. Serikali inahitaji kipimo cha namna hiyo ili ipange huduma, wala hatuna ugomvi nacho. Lakini kwa mkulima wa Kinole au Tegetero hakuna siku ya kustaafu. Mama wa miaka 68 hupanda mlima na jembe lake, hushuka na mkungu wa ndizi kichwani, na jioni hupikia wajukuu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam au wamekwisha kufariki. Huyo ni mzalishaji mali, na wakati huo huo ndiye anayelea nguvukazi ya kesho. Kazi zote mbili hazina mshahara, na katika vitabu vya hesabu za taifa ni shida kuziona.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wapatao milioni 2.5 katika nchi nzima, yaani karibu 5.6 kwa kila watu mia. Kiongozi asiyefikiri atasema ni kundi dogo. Lakini apande kutoka Morogoro mjini kwenda vijiji vya mlimani siku ya kazi, aangalie nani yuko shambani na nani yuko nyumbani. Vijana wameshuka kutafuta pikipiki ya kuendesha na biashara ya kufanya. Kijiji kimebaki mikononi mwa kina mama, watoto na wazee. Mwenye kutaka kujenga kijiji bila wazee katika mazingira hayo ajue kwamba anawaacha kando watu ambao ndio walioko kijijini.

Nadharia yetu juu ya jambo hili haikuanza jana. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu msingi wa ujamaa, Mwalimu Nyerere alimtumia mzee kama mfano wa kueleza tofauti kati ya jamii ya kijamaa na jamii ya unyonyaji. Hoja yake, kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba mzee wa zamani aliyeonekana amekaa kivulini bila kufanya kazi hakuwa mnyonyaji, kwa sababu alikwisha fanya kazi kwa bidii katika ujana wake wote. Mali iliyoonekana kuwa yake haikuwa yake binafsi. Aliishika kwa niaba ya wenzake walioizalisha pamoja naye. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo, lilipotangaza kwamba kila mwenye uwezo wa kufanya kazi hana budi kufanya kazi, liliwaweka kando watoto, wazee waliochoka na wasiojiweza. Hao wana haki ya kutunzwa na jamii.

Msimamo huo una pande mbili, nasi tumezoea kuukariri upande mmoja tu. Upande wa kwanza ni kwamba mzee anastahili kutunzwa. Upande wa pili ni kwamba mzee alikuwa mwangalizi wa mali ya wote, yaani alikuwa na kazi, na kazi hiyo ilikuwa ya uongozi. Tukichukua upande wa kwanza peke yake tunamgeuza mzee kuwa mtu wa kupokea blanketi. Mimi naona hapo ndipo tulipopotoka.

UZEE SI TABAKA

Kabla ya kwenda mbele yafaa tuondoe kosa jingine, la kuwafanya wazee wote kuwa kitu kimoja. Uzee ni umri, si tabaka. Katika kijiji kimoja utamkuta mzee mwenye mashamba kadhaa ya karafuu na mdalasini na nyumba ya kupangisha mjini Morogoro, na jirani yake ni bibi anayelala chini ya paa linalovuja. Wote wawili wana mvi. Baraza la wazee likiundwa bila kuangalia tofauti hiyo, atakayekaa kiti cha mbele ni yule wa kwanza, naye atazungumza kwa jina la yule wa pili bila kumwuliza. Kwa hiyo kada anaposikia kwamba wazee wa mahali fulani wamekubali jambo, hana budi kuuliza: ni wazee gani, na jambo hilo linamnufaisha nani?

Historia ya ardhi ya Uluguru inatufundisha vizuri juu ya hili. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama. Ardhi kwa asili ilikuwa ya ukoo, ambao wenyewe huuita lukolo, na mzee wa ukoo ndiye aliyegawa mahali pa kulima. Mtu asiye wa ukoo ule aliweza kupewa shamba, naye alitoa kitu kidogo kilichoitwa ngoto, kuonyesha kwamba anakiri ardhi ni ya wenyewe. Kwa kawaida hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, kwa maana mti ni alama ya kumiliki. Utaratibu huo ulikuwa na wema mkubwa ambao sehemu nyingine za nchi hazikuwa nao. Mwanamke alikuwa na ardhi kwa haki ya kuzaliwa kwake. Akifiwa na mume hakuwa mgeni wa kufukuzwa na mashemeji. Alikuwa juu ya ardhi ya mama yake na bibi yake. Kwa mwanamke mzee hilo ni jambo zito kuliko hotuba nyingi. Tunajua yanayowapata wajane wazee katika sehemu ambako ardhi hufuata upande wa baba, na tunajua kwamba katika baadhi ya mikoa, hasa ya Kanda ya Ziwa, bibi vizee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya baadhi ya mauaji hayo kulikuwa na tamaa ya shamba.

Lakini tusiupambe utaratibu wa zamani kuliko ulivyokuwa. Ngoto ilipokuwa kuku au kibuyu cha pombe ilikuwa alama ya udugu. Ardhi ilipopungua, na mazao ya fedha yalipoanza kuleta wanunuzi kutoka mbali, ngoto iliweza kugeuka kodi ya pango, na mzee mwangalizi akawa kabaila mdogo. Kwa upande mwingine wajomba na wapwa wamejikuta wakigombania vipande vya mlima, na wapo wapwa waliouza shamba la ukoo huku bibi aliyelilima miaka 40 akiwa hana habari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetoa nafasi ya kulirekebisha hilo. Inatambua haki za kimila, inakataza mila zinazomnyima mwanamke haki ya ardhi, na inaweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, ambao watatu kati yao hawana budi kuwa wanawake. Hapo pana kiti cha bibi anayejua mipaka yote ya bonde lile kwa kutaja miti na mawe. Ni vijiji vingapi vimempa kiti hicho?

SOMO LA MWAKA 1955

Vijana wa leo wanaosikia kwamba wazee ni walinzi wa mambo ya kale wangefaidika kujua yaliyotokea katika milima hii miaka ya 1950. Mwaka 1950 Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na mmomonyoko ulikuwapo kweli. Hakuna mtu mwenye akili aliyeukana. Mito inayotoka Uluguru ndiyo inayoujaza mto Ruvu ambao huwapa maji watu wa Dar es Salaam, na wakoloni waliliona hilo. Dawa waliyoileta ilikuwa matuta ya ngazi, yaliyochimbwa kwa amri na faini.

Sasa angalia jinsi amri isiyouliza inavyokosea. Upande wa Mgeta, ambako hulimwa mboga na hali ya hewa ni ya baridi, matuta ya ngazi yalifaa, na mpaka leo utayaona yakiwa na kabichi, njegere na viazi mviringo. Upande wa mashariki mambo yalikuwa tofauti. Udongo wenye rutuba huko ni mwembamba. Ukichimba tuta la ngazi unaufukia udongo mzuri na kuleta juu udongo mfu. Wenyeji walioulima mlima ule kwa miaka mingi walilijua hilo, na wanawake, ambao sehemu kubwa ya kazi iliwaangukia, walilijua zaidi. Waliposema, walihesabiwa kuwa wavivu na washikilia mila. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo. Polisi walipiga risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ule ukaachwa, na TANU, ambayo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata wanachama wengi milimani.

Tunaposimulia habari hiyo katika madarasa yetu huwa tunasisitiza ushujaa, na ni haki. Lakini kuna jambo la pili. Maarifa ya udongo yalikuwa kwa watu wasiojua kusoma, na nguvu ya kuamua ilikuwa kwa watu wasiojua udongo. Mkoloni ameondoka; je, mgawanyo huo umeondoka naye? Mwaka 2008 misitu ya hifadhi ya Uluguru ilipandishwa daraja kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ili miti, viumbe na vyanzo vya maji visiangamie. Ni hatua njema. Wataalamu wanaokwenda huko ni vijana wetu, wengi wao wamesoma katika Chuo Kikuu cha Sokoine hapo hapo chini ya mlima. Kijana huyo anapofika kijijini na ramani, akaweka mipaka bila kukaa na wazee wanaojua chemchemi ipi hukauka Oktoba na ipi haikauki, na mahali gani pameachwa bila kulimwa kwa sababu ya matambiko, anarudia kosa la mwaka 1950 akiwa amevaa nguo nyingine.

Mwalimu alilionya Taifa juu ya jambo hili katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967. Alieleza kwamba shule tulizorithi zilimfundisha mtoto kuamini kuwa maarifa yote yanayofaa yamo vitabuni au kwa watu waliosoma, na kuyadharau ya wazee wake. Kasumba hiyo haijaisha. Mimi mwenyewe nilipotoka chuoni nilikuwa nayo kiasi cha kutosha.

UBEPARI HUFANYA NINI NA MZEE

Mwenye kutaka kuelewa kwa nini ujamaa unajali uzee aangalie historia ya mkonge. Mkoa wa Morogoro, pamoja na Tanga, ulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, kuanzia karibu na mji wa Morogoro mpaka Kilosa. Wakata mkonge waliletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, Silabu, na watu walioletwa kwa namna hiyo waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alikuwa namba. Bwana wa shamba alinunua mikono ya kijana. Gharama ya kumlea kijana yule alipokuwa mtoto ilibebwa na kijiji chake, na gharama ya kumtunza akizeeka ilitegemewa ibebwe na kijiji hicho hicho. Faida ilibaki kati, kwa bwana. Huo ndio unyonyaji katika umbo lake kamili: unachukua miaka ishirini ya nguvu, na kuwaachia wengine miaka inayotangulia na inayofuata.

Lakini wengi hawakurudi kwao. Bei ya mkonge ilianza kuanguka mwaka 1964, mashamba yakapunguza watu, na hata baada ya Taifa kuchukua sehemu kubwa ya mashamba hayo mwaka 1967, soko la dunia liliendelea kutupiga. Mtu aliyetoka kwao akiwa na miaka 18 alijikuta mzee mahali asipokuwa na ukoo, shamba wala mtoto. Katika makazi ya wazee yaliyo chini ya Serikali hapa nchini, yakiwamo yale ya Fungafunga mjini Morogoro, watu wa namna hii wamekuwa wakipokewa kwa miaka mingi. Mtu akipita pale na kusema kwamba Waafrika wa siku hizi wametupa wazee wao, hajaelewa historia. Wengi wa wazee hao hawakutupwa na watoto wao. Mfumo wa uchumi uliwatumia ukawaacha.

Wafanyakazi wa viwandani nao wana habari yao. Morogoro ilijengewa viwanda vya ngozi, viatu na maturubai katika miaka ya 1970 na 1980. Vingine havikuzalisha kama ilivyotarajiwa, na miaka ya 1990 vikauzwa au vikafungwa. Wakati huo mfanyakazi wa kawaida alikuwa katika Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi ulioanzishwa mwaka 1964, ambao haukulipa pensheni ya kila mwezi. Ulilipa fedha za mkupuo. Bei zilikuwa zinapanda, shilingi inashuka, na mkupuo wa miaka mingi ya kazi ulikwisha kwa bati za nyumba moja, au haukuimaliza. Ni mwaka 1997 tu ilipotungwa sheria ya kuugeuza mfuko ule kuwa NSSF yenye pensheni. Na mkulima, ambaye ndiye wengi wetu, kwa sehemu kubwa amebaki nje ya mifuko hiyo.

HAKI NA SADAKA

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 11, inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Neno linalotumika pale ni haki. Haki na sadaka ni vitu viwili mbalimbali. Sadaka hutolewa siku mtoaji anapopenda, mara nyingi tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na hutolewa mbele ya mpiga picha: sabuni, mchele, khanga. Siwalaumu wanaotoa, mchele huliwa. Lakini mzee hawezi kupanga maisha yake kwa kutegemea tarehe 1 Oktoba.

Zanzibar imeonyesha njia. Tangu baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali ya huko ilitunza wazee katika nyumba za Sebleni na Welezo. Mwezi wa Aprili 2016 ikaanzisha pensheni ya jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi mwenye miaka 70 na zaidi, awe maskini au tajiri, bila kuuliza alifanya kazi gani. Baadaye kiwango hicho kikaongezwa hadi shilingi 50,000. Watu husema nchi maskini haiwezi. Lesotho, ambayo si tajiri, ilianza kulipa wazee wake wa miaka 70 na zaidi mwaka 2004, na Kenya ikafuata mwaka 2018. Tanzania Bara, hadi makala haya yanaandikwa, haijaanzisha pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote. Tunao Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF, ulioanza mwaka 2012, ambao umezifikia kaya nyingi zenye wazee. Mpango huo unachagua kaya maskini, na kuchagua kuna matatizo yake. Majina hupitishwa mkutanoni. Mzee asiyeweza kupanda mlima mpaka ofisi ya kijiji hayupo jina lake linapotajwa, wala linapoachwa kutajwa. Na malipo yakija kwa simu, simu huwa ya mjukuu.

Juu ya matibabu, agizo liko wazi: mzee asiye na uwezo hutibiwa bure katika vituo vya umma. Vitambulisho vimetolewa, na hospitali nyingi zimeandika ukutani kwamba mzee apishwe kwanza. Ugumu unaanza baada ya kupishwa. Mzee huonwa na mganga mapema kweli, kisha huambiwa dawa hazipo, akanunue. Nimemsindikiza jamaa yangu mzee na kusikia maneno hayo. Kitambulisho chake kilikuwa mfukoni na shilingi hazikuwamo. Kituo sikitaji, kwa sababu habari ile ingeweza kuwa ya vituo vingi. Tatizo hilo haliondolewi kwa kuandika ukutani. Linaondolewa kwa kamati ya afya ya kituo kujua imepokea dawa gani na zimetumikaje, na katika kamati hiyo pawepo mzee mwenye ulimi.

Milimani kuna jambo la ziada, nalo ni miguu. Afya ya mzee wa Uluguru inategemea uwezo wake wa kutembea njia ya mteremko. Macho yakififia kwa mtoto wa jicho, njia inamfungia nyumbani. Asipotembea mwili unalegea, asipoonana na watu moyo unanyong'onyea, na baada ya mwaka mmoja watu wanasema amezeeka ghafla. Hakuzeeka ghafla. Alikosa upasuaji wa muda mfupi ambao ungemrudishia kuona. Shinikizo la damu na kisukari nayo hupimwa kwa vyombo vidogo ambavyo mhudumu wa afya anaweza kuvipandisha mlimani mfukoni, badala ya kungoja mgonjwa ashushwe kwa machela amekwisha kupooza. Shirika la Afya Duniani limeita miaka ya 2021 hadi 2030 muongo wa kuzeeka kwa afya, na maana yake kwa lugha ya kijijini ni hii: mzee aendelee kufanya yale anayoyathamini. Kwa wengi wao hayo ni kulima kidogo, kwenda kanisani au msikitini, na kukaa penye watu.

KAZI YA TAWI NA YA SERIKALI YA KIJIJI

Wazee wa leo tusiwafikirie kama wazee wa hadithi. Mtu mwenye miaka 80 sasa alikuwa kijana wakati wa Azimio la Arusha. Yeye ndiye aliyejifunza kusoma chini ya mwembe baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ndiye aliyechimba choo katika kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Na kwa kazi ya watu kama yeye, idadi ya watu wazima wasiojua kusoma ilishuka kutoka 67 kwa mia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi 39 kwa mia katika mtihani wa mwaka 1975. Amepata kuwa balozi wa nyumba kumi, amekaa katika kamati za ushirika, amesikia hotuba nzuri na mbaya. Kumwita mtu huyo afungue mkutano kwa dua tu ni ubadhirifu wa kada.

Wapo watakaosema kwamba wazee wakipewa nafasi watawakandamiza vijana, na watataja methali ya asiyesikia la mkuu. Hofu hiyo si ya bure. Mzee naye hukosea, na mila nyingine, kama za kumwozesha binti anayesoma, hazina utetezi hata zikisemwa na mwenye mvi. Jibu ni mjadala. Mwalimu alipotaka kulieleza Taifa jambo zito mara nyingi aliwaita wazee wa Dar es Salaam. Tarehe 2 Novemba 1978, juu ya vita na Amin, alizungumza nao huku nchi nzima ikisikiliza redioni. Aliwaeleza hali na sababu, hakuwapa viti tu.

Serikali imeagiza mabaraza ya wazee yaundwe kuanzia ngazi ya chini, na katika sehemu nyingi yameundwa. Ukweli ni kwamba mengi yana mwenyekiti, katibu na mhuri, na hayana shughuli. Baraza halipati uhai mpaka lipewe jambo la kuamua. Kijiji kinaweza kulipa kazi ya kusuluhisha mipaka kabla shauri halijafika Baraza la Ardhi. Ya kuangalia vyanzo vya maji. Ya kwenda shuleni mara moja kwa mwezi kufundisha watoto mambo ambayo mwalimu aliyetoka mkoa mwingine hawezi kuyajua. Akina bibi wanaofunda wali wana sikio la mabinti kuliko mhudumu yeyote wa afya, na ni ajabu kwamba tunawakumbuka tunapotaka ngoma ya kumpokea mgeni. Taarifa ya baraza isomwe katika Mkutano wa Kijiji kama taarifa nyingine, ipingwe inapostahili kupingwa, na iandikwe katika muhtasari.

Upande wa kazi za kujitolea, vijiji vingi vimewasamehe wazee kuchimba barabara. Ni sawa. Lakini mahali pengine msamaha huo umekuwa sababu ya kutowaita hata siku ya kupanga barabara ipite wapi. Na lipo jambo la kurudisha kwao: zamani jirani walilimiana kwa zamu. Vijana wa tawi wakilima robo eka ya kila mzee asiye na mtu mwanzoni mwa vuli na mwanzoni mwa masika, siku mbili za kazi kwa msimu zinatosha katika kijiji cha kawaida. Mzee huyo atapanda na kupalilia mwenyewe. Kinachomshinda ni kutifua.

Viongozi wa Chama tujikosoe hapa. Siku ya kupiga kura magari hupatikana ya kumfuata mzee mpaka mlangoni. Siku ya mkutano wa kuchagua kaya za kusaidiwa hayapatikani. Wazee wanaiona tofauti hiyo, wanazungumza juu yake wakiwa peke yao, na ukikaa nao vizuri watakueleza.

Mahali pa kuanzia ni padogo. Katika kijiji kimoja cha mlimani viongozi walikubaliana mkutano usifanyikie ofisini, ambako ni juu kileleni, bali uwanjani karibu na shule, ambako njia zote hushukia, na uanze saa nne, jua likiwa limekausha umande wa njia. Wazee waliofika waliongezeka. Kisha mtendaji alinunua kaunta buku moja akaandika kila mtu wa miaka 60 na zaidi: jina, kitongoji, anaishi na nani, macho yake yakoje, kitambulisho cha matibabu anacho au hana, na alipata kufanya kazi gani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyowashangaza. Walikuta waashi wawili, mkunga, fundi wa mabomba aliyefanya kazi mjini, karani wa zamani wa ushirika na mwalimu mstaafu wa elimu ya watu wazima. Bomba la kijiji lilikuwa limekatika tangu masika iliyotangulia, nao walikuwa wanasubiri fundi kutoka wilayani.